Kabla Hujafungua Shauri la Ndoa

Hotuba kwa mawakili wapya na wahitimu wa sheria wanaoanza kushughulikia mashauri ya familia, Dodoma

Mbukwenyi!

Waheshimiwa mahakimu mlioacha majukumu yenu kuja kuketi nasi asubuhi hii, mawakili wasomi, maafisa ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria kutoka kata zetu, na ninyi vijana ambao hasa ndio mmenifanya nisimame hapa: asanteni kwa kuja. Najua kuna waliotoka Kondoa na Mpwapwa kwa basi la alfajiri. Poleni na safari.

Nimeombwa nizungumzie stadi za vitendo kwa wakili anayeingia kwenye mashauri ya familia. Sitawapitisha kwenye vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kimoja baada ya kingine, vifungu mmevisoma. Nina jambo moja la kuwaambia, nalo ni hili: shauri la ndoa hujengwa au huharibika kabla halijasajiliwa. Hujengwa siku ile mteja anapoketi mbele yako mara ya kwanza, anapokwenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa, unapokwenda masijala ya ardhi kufanya upekuzi wa kiwanja, unapomtafuta shahidi ambaye mteja mwenyewe hakujua kuwa ni shahidi. Mahakamani unakwenda kuonyesha kazi uliyokwisha kuifanya. Kama hukuifanya, ufasaha wako hautamsaidia mtu.

Mliopita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo mnakumbuka kelele za Oktoba 2022, matokeo yalipotoka na kati ya wanafunzi 633 wakafaulu 26 tu kwa mkupuo. Nchi nzima ilijadili. Wako waliolaumu vyuo vikuu, wako walioilaumu Taasisi, wengine wakawageukia wanafunzi, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mjadala ule uliniuma kwa sababu karibu wote ulihusu mtihani. Mtihani unaweza kupima kama unajua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinasema nini kuhusu mgawanyo wa mali. Hauwezi kupima kama mama aliyelia mbele yako nusu saa nzima ataondoka ofisini akiwa amekueleza kile ambacho hakimu anahitaji kukisikia. Stadi hiyo haina maswali ya kuchagua. Inafundishwa kwa kukaa pembeni ya anayeijua, ukamwona anavyouliza, kisha ukauliza wewe naye akakusikiliza.

Kuna hukumu moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaitaja: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Tunaifundisha kama ushindi, na kweli ni ushindi. Mahakama zilikuwa zimegawanyika. Baadhi ya majaji waliona kazi za nyumbani ni wajibu wa kawaida wa mke na haziwezi kuhesabiwa kwenye mali, wengine waliona ni mchango. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikamaliza ubishi: kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali za ndoa. Sasa niwaulize, ni wangapi hapa mliisoma hukumu ile mpaka ukurasa wa mwisho? Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo wa nyumba aliyokuwa akiidai. Ushahidi ulionyesha kwamba mumewe alimpa fedha za kuanzisha mradi wa kuwasaidia, zikatapanywa, na mahakama ikaona kwamba hasara ile imemeza mchango wake. Kanuni ilisimama, mwenye shauri akarudi mikono mitupu.

Nawaombeni muisome tena hukumu hiyo, yote. Iko TanzLII, mtandao wa hukumu na sheria zetu, haina malipo. Wanawake wengi wamefaidika nayo kwa zaidi ya miaka 40 sasa. Lakini hadi miaka hii ya karibuni Mahakama ya Rufani imeendelea kutukumbusha kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na anayedai ndiye wa kuuleta. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Chukulia mama wa Hombolo. Ameishi na mumewe miaka kumi na minne. Wana shamba la zabibu la ekari mbili, nyumba ya matofali ya kuchoma, na bodaboda moja. Anaketi. Wakili kijana, kalamu mkononi, anauliza: "Mama, wewe ulichangia nini kwenye mali hizi?" Naye anajibu kama wengi wanavyojibu: "Mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu, mwanangu. Shamba ni la mume wangu." Wakili anaandika vivyo hivyo, anageuza ukurasa, anauliza kuhusu watoto. Pale pale mteja ameshatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na aliyemwomba autoe ni wakili wake.

Mama huyu hakusema uongo. Amelelewa akisikia kwamba shamba ni la mwanaume, na swali la "ulichangia nini" masikioni mwake ni swali la fedha. Usimuulize hivyo. Mwambie: "Mama, turudi mwaka ule mlipopanda mizabibu. Nisimulie siku yako tangu unaamka." Halafu nyamaza. Wacha kalamu chini kwanza. Atakwambia aliamka kabla ya jogoo kuwika, akachota maji na ndoo kichwani kwa ajili ya miche, kwa sababu mwaka ule mvua ilikatika mapema kama ilivyo kawaida yetu. Atakwambia nani alichimba mashimo na nani aliwapikia waliochimba. Muulize kupogolea alifanya nani, kupulizia dawa alifanya nani, na zabibu zilipoanza kuiva nani alishinda shambani kufukuza ndege. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Muulize mavuno ya kila msimu yalipokelewa na nani, yakapimwa wapi, na fedha zikaishia kwenye nini. Muulize nguzo na waya vilinunuliwa kwa fedha gani. Hapo ndipo utasikia habari ya kikoba: alikopa kikobani, akarejesha kwa kuuza maandazi.

Kikoba kina daftari. Daftari lina mwandishi. Mwandishi ni jirani yake, anaishi, anaweza kupanda basi kuja mahakamani. Aliyewapikia vibarua ana vibarua walioshiba chakula chake. Mama aliyeingia ofisini akisema "nilikuwa mama wa nyumbani tu" sasa ana mashahidi watatu na kielelezo kimoja, na wewe hujamtungia neno hata moja. Yote yalikuwa yake, yalikuwa yanasubiri swali la kuyatoa.

Jambo dogo linalosaidia sana ni tarehe. Watu wetu wengi hawakumbuki miaka kwa tarakimu, na mahakamani mtu anayebabaika kwenye miaka anaonekana mwongo. Usimlazimishe kukisia. Muulize: "Mlipojenga, mtoto wa pili alikuwa ameshazaliwa? Alikuwa anatambaa au anatembea?" Kisha omba kadi ya kliniki ya mtoto huyo. Tarehe umeipata, na ushahidi wa kuithibitisha uko mkononi mwako.

Mnaofanyia kazi hapa mjini, mtakutana na shida yenye sura nyingine. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa vitendo, familia nyingi zimeishi mguu mmoja huku, mguu mmoja Dar es Salaam. Baba amehamishwa na wizara, amepanga Nkuhungu au Kisasa, amenunua kiwanja Iyumbu au Nala, amekiandikisha kwa jina lake. Mama amebaki Dar es Salaam na watoto, analipa ada, analipa kodi ya nyumba, anamuuguza mama mkwe. Miaka ikapita, mapenzi yakapoa, na baba akapata mwingine huku. Mama anakuja kwako akiwa na uhakika kwamba hana haki kwenye kiwanja hicho kwa sababu hajawahi hata kukiona. Mwingine anakuja na uhakika wa kinyume, kwamba nusu ni yake moja kwa moja kwa kuwa ni mke wa ndoa. Wote wawili wanahitaji kuelezwa vizuri.

Kifungu cha 60 kinasema mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ajira yako. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, iangalie madeni yaliyotokana na manufaa ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yao, na baada ya hayo yote ielekee kwenye usawa. Kwa mama yule wa Dar es Salaam, kila risiti ya ada aliyolipa ni mshahara wa baba uliobaki mfukoni ukanunua kiwanja. Lakini huwezi kuisema hoja hiyo bila risiti. Mtume akazitafute shuleni, kwenye simu yake, benki. Ujumbe wa simu wa miamala, ukiwasilishwa ipasavyo chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ni ushahidi. Msiwe watu wa kupachika picha za simu kwenye jalada bila kueleza zilitoka kwenye simu ya nani, zilihifadhiwaje, na zilichapwaje. Zitapingwa na zitatupwa.

Na jifunzeni historia ya ardhi ya mji huu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda kwa Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Mteja wako anaweza kukuletea karatasi ya enzi ya CDA, risiti ya malipo ya zamani, na hati mpya, na jina lililo kwenye karatasi ya kwanza lisiwe lile lililo kwenye ya mwisho. Msiridhike na nakala aliyokuja nayo mteja kwenye mfuko wa plastiki. Nendeni mkafanye upekuzi. Kama ni nyumba wanayoishi, kifungu cha 59 kinamlinda mwenzi: haiuzwi, haiwekwi rehani bila ridhaa yake, na maslahi yake yanaweza kulindwa kwa zuio linaloandikishwa kwa msajili wa hati (caveat). Rai yangu, na naisema kwa mkazo: weka zuio kwanza, ndipo uandike barua ya kudai. Barua ikitangulia, unampa mwenye hati wiki tatu za kutafuta mnunuzi.

Sasa Baraza.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashauri mengi ya talaka yanafia hapa, tena baada ya watu kuhangaika miaka. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua ombi la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106 kinataka hati ya Baraza iambatane na ombi, na iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo na hukumu za mahakama za chini kwa kukosekana kwa hati halali. Hebu fikirini maana yake kwa mteja. Ameshapewa talaka, ameshagawiwa nyumba, pengine ameshaanza maisha mengine. Kisha anaambiwa yote hayo ni batili, arudi alikoanzia.

Kwa hiyo mteja akikuletea karatasi, isome kama unayemtilia shaka aliyeiandika. Imetoka Baraza, au ni barua ya mtendaji wa kata inayosema "tafadhali wasaidie hawa"? Barua ya mtendaji si hati ya Baraza, hata iwe na mihuri minne. Barua ya afisa ustawi si hati ya Baraza. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kadhalika. Je, Baraza lenyewe lilikuwa na mamlaka? Sheria inataka liwe la kata anakoishi mume, au la jumuiya yao kama wote wawili ni wa jumuiya moja yenye Baraza lake, kwa mfano la BAKWATA au la kanisa. Mama yule wa Dar es Salaam ambaye mumewe anaishi Dodoma, na mnataka kwenda Baraza la kata, anatakiwa aje huku. Je, wote wawili waliitwa na kusikilizwa? Je, hati inaeleza Baraza lilibaini nini, au imeandikwa mstari mmoja tu? Imetolewa tarehe ngapi, na leo ni tarehe ngapi? Nimeshaona hati nzuri kabisa ikilala kwenye jalada mpaka miezi sita ikapita huku mteja akitafuta fedha za kulipia ada. Mweleze mteja tarehe ya mwisho kwa maneno yanayoeleweka, iandike kwenye kadi yako ampelekee na ndugu yake.

Kuna hali ambazo sheria inaruhusu kwenda moja kwa moja mahakamani: mwenzi ametelekeza na hajulikani aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuja ndani ya miezi sita, ameitwa Baraza akakataa kwa makusudi, yuko gerezani kwa kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua mitano, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mazingira yasiyo ya kawaida yanafanya kwenda Baraza kusiwezekane. Ukitegemea mojawapo, iseme wazi kwenye hati ya madai na ulete uthibitisho wake. Usiiache ikielea.

Kwa ndugu zetu Waislamu, na huko Kondoa mtawapata wengi, mteja atakwambia: "Wakili, mimi nimeshaachwa, karatasi hii hapa." Msikilize kwa heshima, hilo ni jambo zito kwenye dini yake. Kisha mweleze kwamba kifungu cha 107(3) kinaitambua talaka ya Kiislamu iliyotolewa baada ya Baraza kuthibitisha kushindwa kusuluhisha, na hapo mahakama hutoa amri ya talaka. Mpangilio wa matukio ndio unaobeba jambo. Talaka iliyoandikwa jikoni usiku wa ugomvi, kabla ya Baraza, haitampa mgawo wa mali.

Mkiwa bado vijana na majalada hayajawa mengi, nendeni mkakae kwenye Baraza la kata siku nzima mkisikiliza. Ombeni ruhusa, kaeni nyuma, msiseme kitu. Si jukwaa la wakili lile. Pale mume na mke huongea wenyewe. Mtajifunza watu wanavyosimulia ndoa zao wasipokuwa na hofu ya mahakama. Mtaona wazee na kina mama wa kata wanavyouliza maswali ambayo sisi hatujui kuuliza: nani alikuwa mshenga, mahari ilikuwa ng'ombe wangapi na wangapi bado wanadaiwa, mara ya kwanza mliporudishana kwa wazazi ilikuwa kwa kosa gani. Mtu aliyekaa Barazani siku tatu anaandika hati ya madai tofauti na aliyekaa maktaba mwezi.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Kuna mteja anayekuja akiwa na mumewe, au na shemeji, au na kaka aliyegharimia nauli. Muone peke yake. Kila mteja, kila mara, hata kama ndugu atanuna. Kipigo hakisemwi mbele ya shemeji. Kifungu cha 66 kimesema tangu mwaka 1971 kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na bado kuna mawakili wanaomwambia mama mwenye jeraha bichi "nenda mkayamalize nyumbani kwanza." Msiwe hao. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, hakikisha PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imejazwa, apigwe picha za majeraha zenye tarehe, kadi ya hospitali itunzwe ofisini kwako na siyo nyumbani kwake. Muulize namba ipi ni salama kumpigia na saa ngapi. Ujumbe wako wa "shauri lako limepangwa tarehe 12" ukisomwa na asiyehusika, unaweza kumfikisha pabaya. Na kama kumkalisha Barazani pembeni ya aliyemjeruhi ni hatari, ndiyo maana sheria imeweka kipengele cha mazingira yasiyo ya kawaida. Kitumieni.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi, maana afisa ustawi atalizungumza kwa kina mchana. Mtoto chini ya miaka saba, kifungu cha 125 kinadhania ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na juu ya yote ni ustawi wa mtoto. Mtoto anayeweza kujieleza ana haki ya kusikilizwa. Asifundishwe cha kusema. Mzazi akikwambia "nimeshamwambia aseme anataka kukaa na mimi", mkanye hapo hapo, na ueleze kwamba hakimu mzoefu huyatambua maneno ya mtu mzima kwenye kinywa cha mtoto. Matunzo yadaiwe kwa hesabu: ada, sare, chakula, matibabu, usafiri. "Alipe matunzo ya kutosha" si ombi ambalo hakimu anaweza kulitekeleza.

Wengi wenu mtaanzia Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kuingia pale. Marekebisho ya mwaka 2021 yamefungua mlango pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mmefundishwa kuandika kwa Kiingereza miaka minne, mitano. Sasa jifunzeni upya. Andika hati ya madai kwa Kiswahili ambacho mteja wako akisomewa ataweza kusema "ndiyo, hapa umenisema mimi", au "hapana, hapa sikusema hivyo." Msomee kila aya. Mama asiyejua kusoma atakukamata makosa ambayo msomi mwenzako hakuyaona, na ni heri akukamate ofisini kwako kuliko adodoswe juu yake kizimbani.

Mawakili wenzangu wakongwe, na ninyi nina neno. Kijana anayekuja ofisini kwako kwa mafunzo hakuja kubeba majalada na kununua vocha. Mkalishe kwenye mahojiano ya kwanza. Mteja aombwe ridhaa, aelezwe kwamba siri yake iko salama kwa wote wawili, na kijana akae kimya aandike. Mteja akitoka, muulize kijana: umesikia nini ambacho mimi sikukiuliza? Mara nyingi atakuwa na jibu. Mpe barua ya Baraza aisome kabla yako na akwambie kasoro zake. Mtume masijala ya ardhi, na mlipe nauli. Hatulalamiki kila siku kwamba vijana hawajaiva? Basi na tuwape nafasi ya kufanya kazi tukiwepo, wakosee mbele yetu badala ya kukosea mbele ya mteja aliyeuza mbuzi wake wawili kuwalipa.

Na wasaidizi wa kisheria mlioko hapa, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi: ninyi ndio mnaomwona mteja huyu miezi mingi kabla yetu. Wakili kijana anayewadharau anajinyima habari. Kabla ya kumwelekeza mama kwetu, mkumbusheni atunze karatasi zake. Hilo tu likifanyika, nusu ya majalada yetu yatakuwa na sura nyingine.

Sasa tufanye kazi. Kwenye bahasha mlizopewa mlangoni kuna jalada la mteja wa mfano: barua moja kutoka ofisi ya kata, nakala ya kurasa mbili za daftari la kikoba, kadi ya kliniki, nakala ya barua ya toleo ya kiwanja yenye jina la mume, na maelezo ya mteja ya nusu ukurasa yaliyoandikwa na msaidizi wa kisheria. Mtakaa wawili wawili. Mmoja ni wakili, mwingine ni mteja, na mteja anaruhusiwa kulia, kukasirika, na kujibu "sijui". Mawakili, mna dakika thelathini. Msiniletee rasimu ya hati ya madai. Nataka karatasi moja yenye mambo manne: maswali matano mliyouliza na majibu yake kwa maneno ya mteja mwenyewe, majina ya mashahidi mliowagundua, karatasi zinazokosekana na zinapatikana ofisi gani, na kama ile barua ya kata inatosha kufungulia shauri au haitoshi, na kwa nini. Baada ya hapo mtabadilishana nafasi. Waheshimiwa mahakimu wamekubali kupita mezani kwenu mkiwa mnahojiana, kwa hiyo msishtuke wakiwaegemea kusikiliza. Chai iko nje upande wa kushoto. Saa tano kamili kila mtu awe amekaa na mwenzake.